Mswaki wa mti: kata ncha kila siku

Kwa wanaotumia mswaki wa mti, ule unaouzwa nje ya misikiti: kila asubuhi kata nyuzi za jana, menya gome kama sentimita 1, loweka ncha kwenye maji safi dakika chache, kisha itafune hadi ichambuke. Sugua kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, taratibu. Kusugua kwa nguvu kushoto na kulia hurudisha fizi nyuma, na fizi ikisharudi nyuma haioti tena. Nyuzi mpya ni laini, na zina utomvu wenye ule ukali unaosaidia kupunguza bakteria. Ukali ukiisha, umebaki na kijiti tu. Usiufunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa mbichi, utaota ukungu.

Mahali mswaki huu unaposhindwa ni upande wa ndani wa magego, maana kijiti kimenyooka na hakifiki vizuri. Huko, hasa usiku, mimi natumia mswaki wa kawaida na dawa yenye floraidi. Jino lililokwisha kutoboka halizibwi na mti wowote, mwone daktari wa meno.