Laptopu inachemka? Itoe kwanza kitandani

Kama feni ya laptopu yako inavuma kama inataka kupaa, kabla hujamtafuta fundi hebu igeuze uangalie chini. Vile vitundu ndivyo inavyopumulia: nyingi huvuta hewa kwa chini na kutoa ya moto ubavuni au nyuma. Ukiiweka juu ya godoro au mto, umeiziba pua. Iweke mezani, kisha inyanyue kidogo kwa nyuma, hata kwa kitabu, mradi kisizibe vitundu.

Halafu kuna vumbi. Hujibana kati ya feni na mapezi ya kupozea (vile vibati vyembamba vinavyotoa joto) mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Zima mashine, chomoa chaja, puliza kwa kopo la hewa iliyoshindiliwa kidogo kidogo, na kama feni unaifikia, izuie kwa kijiti isizunguke ovyo. Usipulize kwa mdomo, utaingiza mate.

Bado inachemka? Angalia programu ipi inakula prosesa, yaani ubongo wa mashine. Mara nyingi (mimi mwenyewe nimo) ni kivinjari chenye vichupo (tabs) 40. Kwa mashine ya miaka mingi, huenda pesti ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa imekauka. Hiyo mwachie fundi.