Jinsi ya kuisoma ramani ya Tornio, mji wa Ufini ulio mpakani na Uswidi

Fungua Google Maps, tafuta Tornio, ila usizumu kwanza. Angalia picha kubwa: bahari ya Baltiki inapanda kaskazini inageuka kuwa Ghuba ya Bothnia, na pale juu kabisa inapoishia, mto Torne unapomwaga maji, ndo mji ulipo. Mzingo wa Aktiki, ule mstari wa ramani unapoanzia ukanda wa baridi wa kaskazini, uko chini ya kilomita 100 toka hapo, kwahiyo ni kaskazini kweli.

Sasa panda na mto hadi Pello alafu ushuke taratibu ukifuata mstari wa mpaka. Kilomita nyingi tu mstari unakaa majini, huku Uswidi huku Ufini, safi kabisa. Ukifika Tornio zumu hadi uone mitaa, maana hapo mstari unauacha mto mkubwa unakata magharibi, unapita kwenye kijito chembamba na majani majani, na katikati ya mji inabaki ng'ambo, upande ambao ungetegemea uwe Uswidi. Wengi wanapita hapo bila kushtuka, wakati historia yote ya mji imejificha kwenye hiyo kona.

Ili uielewe anza na ardhi. Zama za barafu huku kulikandamizwa na barafu yenye unene wa kilomita mbili tatu, ilipoyeyuka ardhi ikaanza kurudi juu polepole kama godoro mtu akishanyanyuka, na mpaka leo inapanda milimita 7 hadi 9 kila mwaka. Unaona ni kidogo lakini ukanda wenyewe ni tambarare, karne moja tu bahari inarudi nyuma na njia za maji zinapungua kina.

Alafu weka miaka juu ya ramani. Hapo palikuwa sehemu ya biashara zamani, samaki aina ya salmoni wa mtoni, na ngozi za manyoya walizokuwa wanaleta Wasami, wenyeji wa asili wa huko kaskazini. Mwaka 1621 mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi akaupa hadhi ya mji kwenye kisiwa cha Suensaari, wakati huo Ufini yote ilikuwa chini ya Uswidi kwahiyo suala la mpaka halikuwepo. Ila ardhi haikusubiri mtu, mkono wa magharibi wa mto ukajaa tope, maji mengi yakahamia mashariki.

Ndo ikaja 1809. Uswidi imeshindwa vita, inaikabidhi Urusi Ufini, mpaka unawekwa kwenye mito ya Torne na Muonio. Kwa kufuata maji mengi Tornio ingebaki Uswidi, lakini tsar (mfalme) wa Urusi, Alexander I, aliutaka mji huu wa biashara, kwahiyo mstari ukapindishwa uuzunguke kwa magharibi. Waswidi wakabaki bila mji hapo, wakaanzisha Haparanda mwaka 1821, sogeza kidole kidogo tu kushoto utauona, siku hizi unatoka mmoja kwenda mwingine kwa miguu.

Kitu kingine usikiache ni kanisa la mbao la 1686, litafute pale pale Suensaari. Mwaka 1736 mwanasayansi Mfaransa Maupertuis alikuja na wenzake kupima umbo la dunia, akiwemo Celsius yule wa vipimo vya joto, wakautumia mnara wa kanisa hilo kama ncha ya kusini ya vipimo vyao na kilima cha Kittisvaara kule Pello kaskazini. Desemba wakalaza fito za mbao juu ya barafu ya mto, zaidi ya kilomita 14, kwenye baridi ile, na hesabu zikaonyesha dunia imebonyea kwenye ncha zake. Kwangu hii ndo sehemu tamu kuliko zote.

Ukishafika hapo washa picha ya setilaiti ufuatilie tena kile kijito cha magharibi. Na kama unapanga kwenda kabisa, angalia saa kabla hujavuka, Ufini iko mbele ya Uswidi kwa saa moja.