Vitamu vya breki ya shule bila kumaliza sukari ya nyumba

Jamani wazazi wenzangu, shule zikifungua mwezi wa pili kinachonimaliza mimi sio karo peke yake, ni zile hela ndogo ndogo za kila asubuhi. Huyu mama nipe ya kabalagala (zile duara za ndizi na unga wa muhogo za kukaanga), yule anataka biskuti, mdogo analia juu jana alimwona mwenzake na keki. Ninao watatu, siku tano kwa wiki, piga hesabu mwenyewe. Ndo nikaanza kupika vya breki, yale mapumziko ya asubuhi shuleni, hapa hapa mtaani Walukuba, na nilichogundua mapema ni kwamba kinachokula hela sio unga, ni sukari, na sisi tunakaa Jinja, Uganda, kiwanda cha sukari cha Kakira ni hapo tu, matrela ya miwa yanatupita barabarani tunayaangalia lakini ukienda dukani hakuna anayekujua.

Kwa hiyo utamu tafuta kwenye ndizi. Nasema ndiizi, zile ndogo za sukari, sio bogoya, zile ndizi kubwa ndefu, bogoya ina maji mengi na utamu wake hautoshi. Nenda sokoni jioni jioni, giza likikaribia, wakati wauzaji wanataka kufunga warudi kwao, ulizia yale machane yaliyopiga weusi ambayo wateja wamekataa mchana kutwa. Usione haya, ganda likiwa jeusi na ndani bado ni laini na njano hiyo ndo unayoitaka, tena hapo ndo tamu zaidi. Ikianza kuchuruzika maji na kunuka pombe hiyo waachie watu wa tonto, pombe ya ndizi.

Sasa kabalagala ni hivi. Chukua ndizi kama kumi na mbili, menya, ponda kwa mkono mpaka vidonge viishe kabisa, usiwe mvivu hapa manake kidonge kikibaki kitapasua mduara wako ukiwa kwenye mafuta. Tia chumvi kidogo. Sukari hakuna, maji hakuna. Hata tone la maji usiweke, ndizi yenyewe inatosha. Alafu unga wa muhogo, anza na kikombe kimoja cha chai, changanya, ongeza kidogo kidogo, mara nyingi kwangu inafika vikombe viwili lakini inategemea ndizi zako zimeiva kiasi gani, kwa hiyo sikiliza mkono. Donge likiacha kunata kwenye vidole, simama hapo. Mimi mara ya kwanza niliendelea kumwaga unga tu nikijua nafanya la maana, ile kusukuma likapasuka kila upande kama udongo wa kiangazi, na zilizofika kwenye karai zilitoka ngumu mpaka mzee wa nyumba akauliza kama ni za kula au za kuzibia mlango. Muhogo haushikani kama ngano, ukizidi hauna msamaha. Ikikutokea hivyo ponda ndizi nyingine moja mbili uongeze, inarudi.

Nyunyiza unga kwenye kibao, sukuma unene wa nusu sentimita hivi, kata miduara kwa mdomo wa glasi. Mafuta yawe ya moto wa wastani, sio yanayotoa moshi. Tupia kipande kidogo kwanza, kikizama alafu kikapanda polepole na mapovu basi endelea. Ndizi ina sukari yake ndani kwa hiyo inashika rangi haraka, usiondoke kwenye sigiri, jiko lako la makaa, kwenda kuongea na jirani, geuza geuza, ikiwa kahawia iliyokolea toa. Watu wazima wanapenda na pilipili kidogo ndani, za watoto acha.

Na unga wenyewe angalia unanunua wapi. Harufu ya uchachu kidogo ni kawaida, lakini ukiona una ukungu au madoa ya kijani rudisha, hiyo sio ya kumpa mtoto.

Kitu ambacho watu wengi wanakosea ni kufunga vikiwa bado vya moto. Asubuhi una haraka, bodaboda anapiga honi nje, unatia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, unafunga fundo, saa nne mtoto anafungua anakuta jasho limejaa na kabalagala zimelegea kama sabuni ya bafuni. Pika usiku. Tandaza kwenye ungo, funika na kitambaa safi, asubuhi ndo utie kwenye kontena na karatasi chini ya kunyonya mafuta. Zinakaa siku mbili tatu bila shida, na ntakuambia ukweli, siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza.

Siku ambazo ndizi zimepanda bei natengeneza dadiz, vile vijiti vikavu vya ngano vya kukaanga. Vikombe vitatu vya unga wa ngano, robo kikombe cha sukari, vijiko viwili vya mafuta usugue kwenye unga mpaka uwe kama chenga, maji kidogo, kanda donge gumu, gumu kuliko la chapati. Hamira usiweke. Sukuma nyembamba, kata vipande kama vijiti, kaanga moto mdogo mpaka vikauke ndani, ukivunja kimoja kilie kwa! Kama ndani bado ni laini vitalegea kesho yake. Vikipoa kabisa tia kwenye debe la kufunika, wiki nzima hugusi sigiri tena kwa ajili ya breki.

Kashata za karanga ni za Ijumaa tu kwangu, juu zinataka sukari kweli. Karanga vikombe viwili, sukari kikombe kimoja. Kaanga karanga kavu, sugua maganda, pepeta. Yeyusha sukari peke yake kwenye moto mdogo, usikoroge koroge, tikisa sufuria tu, ikifika rangi ya chai ya rangi mimina karanga, geuza mara mbili tatu, mwaga hapo hapo kwenye kibao ulichopaka mafuta na ukate kabla haijashika. Fanya chap chap kweli, ukichelewa utakata kwa panga. Watoto wafukuze jikoni, ile sukari ikikurukia inaganda kwenye ngozi na haitoki. Sufuria usiikwaruze, ijaze maji uchemshe, inajisafisha. Ukipata simsim ya kutoka kaskazini, Lira au Gulu huko, weka badala ya karanga, mimi naiona tamu zaidi ila wangu wanasema inaingia kwenye meno. Mdogo wa chini ya miaka mitano karanga nzima usimpe, zinakaba, mtwangie. Na waambie wasigawie ovyo, kuna mtoto karanga zinamdhuru na mwenzake hajui.

Kaimati nazipenda lakini shira inamwagika kwenye madaftari, nilishasafisha kitabu cha hesabu kwa kitambaa cha maji, sirudii. Fenesi pia hapana, utomvu.

Kuhusu vipimo vya kila mtoto, nilikuwa najaza kontena ya binti yangu wa P5 (darasa la tano) dadiz mpaka juu nikifurahi kwamba zinarudi zimeisha zote, kumbe anauza. Shilingi mia mia kwa wenzake, alafu anapitia kwenye kantini ananunua biskuti. Siku hizi nampa kumi, nimezihesabu, na biskuti kaziacha mwenyewe.