Kuuza pikapu ununue lori: hesabu ya kufanya kabla hujatoa pesa

Kila viazi vinapoanza kutoka shambani swali hili linanifikia: "Nina D-Max, mzigo umenizidi, nichukue Canter au NPR?" D-Max ni pikapu; Canter na NPR ni malori madogo. Mimi ni mtu wa kubeba waru, yaani viazi. Nazitoa Molo, Keringet na Mau Narok, naleta Nakuru, na mara moja moja nateremka nazo hadi Kisumu. Nilianza na pikapu ya kabini moja, nikahamia lori, na mara ya kwanza nilihama vibaya. Niliamua mwezi wa Agosti, wakati kila mkulima wa Molo ananipigia simu. Ilipofika Novemba lori lilikuwa linatoka Keringet na magunia 28, nami nimekaa pale juu nikitazama mshale wa dizeli ukishuka. Nililiuza kwa hasara. Lori nililo nalo sasa ni la pili, na nililinunua kwa kufuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Andika safari zako kwa miezi mitatu

Nunua daftari, liwe linakaa ndani ya gari. Kila safari andika magunia, kilomita, lita za dizeli, na kama ulirudi mtupu. Andika pia mzigo ulioukataa, lakini ule tu ambao mwenyewe alikuwa tayari kulipa. "Kuna mtu Elburgon huwa na mzigo mkubwa" hiyo si safari, usiiandike. Na katika hiyo miezi mitatu, angalau mmoja uwe ule ambao soko limelala.

Kisha panga safari zako kuanzia mzigo mdogo hadi mkubwa, uitafute ile ya katikati. Hiyo ndiyo kazi yako halisi. Ile kubwa kabisa ni ya msimu, na msimu haulipi mkopo wa Novemba.

Hatua ya 2: Jua unabeba kilo ngapi, si magunia mangapi

Hilux au D-Max ya kabini moja imeundwa kubeba karibu tani moja. Kwa gunia la kilo 50, ambacho ndicho kipimo cha juu katika kanuni za viazi za mwaka 2019, hayo ni magunia 20. Lakini lumbesa tunaijua sote: gunia linashonewa wavu juu, linavimba kama limevaa kilemba, na uzito unapita kilo 100. Magunia 20 ya aina hiyo ni zaidi ya tani mbili, na mwenye pikapu atakuapia kwamba amebeba ishirini tu. Chukua gunia moja, lipime kwenye mizani ya sokoni, uandike.

Wengi huongeza majani ya springi. Hata mimi niliongeza mawili kila upande. Gari linasimama wima na linapendeza, lakini ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, beringi za magurudumu ni zile zile. Dalili ya kwanza niliipata kwenye usukani: nikipanda kilima mbele kunakuwa kwepesi, gari linachelewa kuitika. Ya pili niliiona asubuhi moja nikiosha gari. Pengo kati ya kabini na bodi lilikuwa vidole viwili chini, na juu vidole vitatu. Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ilikuwa imeanza kupinda.

Basi kama safari yako ya katikati ni tani moja na nusu kwa mizani, wewe pikapu imeshakuacha. Ama upunguze mzigo, ama ubadilishe gari.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya dizeli kwa gunia

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua safari ya Molo hadi Nakuru, kwenda na kurudi kama kilomita 100. Pikapu yangu ikiwa na mzigo wake halali ilikuwa inaenda kilomita 10 kwa lita. Lori langu, la tani nne, linaenda kama 5. Yako yatatofautiana, tumia ya kwenye daftari lako.

Pikapu: lita 10 kwa magunia 20, yaani nusu lita kwa gunia.
Lori likijaa: lita 20 kwa magunia 80, yaani robo lita kwa gunia.
Lori likiwa na magunia 40: nusu lita kwa gunia, sawasawa na pikapu.
Lori likiwa na magunia 28: lita 20 gawanya kwa 28, karibu robo tatu ya lita kwa gunia.

Umeona? Lori la nusu mzigo linalingana tu na pikapu iliyojaa, na hapo bado hujalipa kitu kingine chochote. Chini ya nusu, unamlipia mteja nauli. Kwa hiyo mimi humwambia mtu hivi: safari yako ya katikati ikiwa haijazi hata nusu ya lori, usinunue. Ikifika theluthi mbili, endelea na hatua zinazofuata. Ikiwa hapo kati, tafuta kwanza mzigo wa kurudi.

Hatua ya 4: Gharama ambazo muuzaji hatakutajia

Tairi ni sita, pamoja na ya akiba saba. Tanboi, msaidizi wa lori, ni lazima, maana magunia 80 hupakui peke yako halafu uendeshe usiku. KRA, mamlaka ya mapato, nao wana kodi yao ya awali kwa magari ya mizigo: kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023 ni Sh2,500 kwa kila tani ya uwezo kwa mwaka, au Sh5,000, ile iliyo juu. Pikapu ya tani moja inalipa 5,000. Lori la tani nne linalipa 10,000. Ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, unaujua tayari kama pikapu yako ni ya biashara. Lori ambalo uzito wake mtupu unazidi kilo 3,048 linatakiwa liwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Bima inapanda. Na usiku ulilaze wapi? Pikapu ililala uani kwangu. Lori nalilipia mahali penye mlinzi.

Hatua ya 5: Fikiria njia, hasa mvua ikinyesha

Pikapu yangu ilikuwa inaingia hadi kwenye lango la shamba. Lori, mvua ya Kuresoi ikinyesha, linasimama kwenye murami mgumu na magunia yanaletwa kwa punda au trekta, na huyo naye analipwa. Walio upande wa Kano wanajua udongo wao mweusi. Tani nne hapo zikizama zimezama. Hesabu ni safari ngapi katika daftari lako zilimalizikia kwenye matope.

Halafu kuna mteremko. Ukitoka Mau Summit kuja Nakuru unapita Sachangwan na Salgaa, na kwa miaka mingi madereva wamekuwa wakiachilia gia pale ili kuokoa dizeli. Ndugu zangu, msifanye hivyo kamwe. Lori lililojaa likiwa nje ya gia linaiachia breki peke yake kazi yote, breki inachemka, na ikichemka haishiki tena. Na upande wa Kericho, Juni 30, 2023, zaidi ya watu 50 walikufa Londiani Junction lori lilipopoteza mwelekeo na kuwavamia wachuuzi na abiria kando ya barabara. Kila nikipita pale napunguza gia mapema na kuwasha breki ya eksozi. Kama umezoea pikapu, chukua siku kadhaa ukae na dereva mzoefu kabla hujateremka na mzigo kwenda Kericho na Ahero.

Hatua ya 6: Kagua chesisi kabla ya injini

Injini ya Canter au NPR kila fundi wa Nakuru anaijua na vipuri viko. Chesisi ndiyo itakayokufilisi. Lori langu la kwanza lilikuwa limepakwa rangi nyeusi mpya chini, likameremeta, nikafurahi. La pili nililala chini yake kwenye gunia, na tochi na kisu kidogo. Nyuma tu ya kabini, upande wa ndani wa mhimili wa kushoto, kidole kilihisi kituta. Nilikwangua rangi, mshono wa kuchomelea ukatokea, urefu wa kiganja. Muuzaji akasema ulikuwa "wa kuimarisha tu". Niliondoka, lori nikalipata kwingine.

Mengine haraka: fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, moshi ukitoka kwa nguvu pistoni zimechoka. Inua gurudumu la mbele, litikise juu na chini usikie kama kingpini, pini ambayo gurudumu hugeukia, imelegea. Liendeshe likiwa na mzigo, hata wa mawe; lori tupu linaficha kila kitu.

Hatua ya 7: Kuuza pikapu

Yadi ya kuuza magari ikikubali pikapu yako na wewe ukaongeza pesa, unapata wepesi lakini bei inashuka. Ukiuza mwenyewe, usikabidhi ufunguo kabla umiliki haujahamishwa kwenye mfumo wa NTSA. Na lori unalonunua, tafuta rekodi yake huko huko kwanza. Jina la benki likiwa kwenye logi buku, mkopo wake uishe kabla ya pesa yako kutoka.

MASWALI MLIYONIULIZA

Dada wa Kibuye, Kisumu: Mzee, habari ya jioni. Mimi natoa kabichi Nakuru Jumamosi kwa soko la Jumapili, Hilux inajaa hadi nyingine nakodi. Siku nyingine za juma gari linalala. Ninunue Canter?

Jibu: Njema dada. Kwa safari moja kwa juma, hapana. Endelea kukodi ile ya pili, au mkodi Canter moja wewe na wauzaji wenzako wawili mkagawana. Ungekuwa na mchele wa Ahero au omena ya kupandisha Nakuru kila wiki ningesema vingine, kwa sababu unakuja huku mtupu na huo ndio mfuko uliotoboka.

Kijana wa Eldoret: Na zile pikapu kubwa za Marekani, kama F-150? Si zinabeba kuliko Hilux?

Jibu: Ukubwa wake unadanganya macho. F-150 nyingi hubeba karibu tani moja au pungufu, sawa na Hilux yako. Nguvu yake iko kwenye kuvuta trela: baadhi huvuta zaidi ya tani tano, wakati Hilux na D-Max huishia tani tatu na nusu. Halafu kule kwao usukani uko kushoto, na Kenya gari la namna hiyo halisajiliwi hivi hivi. Lililotumika nalo lisizidi miaka minane. Kwa viazi au mahindi halikufai.

Mkulima wa Kitale: Mimi ni mahindi, gunia la kilo 90. Lori la tani nne linabeba mangapi, na mizani ya barabarani ya Webuye itanisumbua?

Jibu: Magunia 44, ndugu yangu, unafika kilo 3,960. Gari la kilo 3,500 kwenda juu, likihesabiwa pamoja na mzigo wake kamili, liko chini ya sheria ya Afrika Mashariki ya 2013 ya udhibiti wa mizigo, kwa hiyo utaingia mizani, Webuye na hata Gilgil. Utasikia watu wakisema lori la ekseli mbili linaruhusiwa tani 18. Hicho ni kikomo cha barabara, kwa malori makubwa. Kikomo chako ni kile alichoandika mtengenezaji kwenye kibati cha gari.

Dereva wa Bungoma: Nina leseni ya daraja B. Naweza kuendesha NPR ya bosi?

Jibu: La. B inaishia kilo 3,500, gari pamoja na mzigo wake kamili. Ukivuka hapo unaingia madaraja ya C: C1 inafika kilo 7,500, zaidi ya hapo ni C. NPR nyingine ziko chini ya hizo 7,500, nyingine juu, kwa hiyo soma kibati. Na bosi wako amwulize mtu wa bima kama atalipa ajali ikitokea ukiwa na B.

Mwalimu mstaafu, Kakamega: Nimeona Canter hapa mjini, bei nzuri, mwenyewe ana haraka. Safari yangu ya katikati ni magunia 55 ya kilo 50. Pikapu niibakize?

Jibu: Mwalimu, magunia 55 ni zaidi ya theluthi mbili ya tani nne, hesabu iko upande wako. Pikapu ibakize kama hulazimiki kuiuza ili ulipie lori; itakuingiza shambani wakati wa matope. Hiyo haraka yake usiifanye yako. Nitumie picha za chesisi upande wa ndani, nyuma ya kabini, kushoto na kulia, zikiwa zimekwanguliwa rangi, kabla hujatoa hata shilingi ya kushikia.