Daftari la mafunzo lijaze siku hiyo hiyo

Kwa vijana mnaokwenda Ujerumani kusomea umekatroniki (ufundi unaochanganya mitambo, umeme na kompyuta) kwenye kiwanda cha magari: mafunzo ni miaka mitatu na nusu, muda mwingine kiwandani, mwingine shule ya ufundi. Kitu ambacho wengi hukizembea ni Berichtsheft, yaani daftari la mafunzo. Bila daftari lililojazwa na kusainiwa, huruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho.

Usilirundike. Kila jioni andika kwa dakika kumi, na uandike kwa undani. “Nilitengeneza mashine” haitoshi. Andika hivi: “Nilibadilisha sensa ya mkanda wa kusafirishia bodi za magari. Nilizima umeme, nikafunga swichi kwa kufuli, nikapima kuhakikisha hakuna volti, ndipo nikafungua waya.” Andika kwa Kijerumani chako hicho hicho, hata kikiwa kibovu, mkufunzi atakusahihisha, na ndiyo lugha utakayojieleza nayo mbele ya watahini.

Sehemu ya kwanza ya mtihani huo wa mwisho huja kabla mwaka wa pili haujaisha, nayo ina asilimia 40 ya alama zote. Anza kulisoma upya daftari lako miezi mitatu kabla.