Namna ya Kurekebisha Miondoko ya Kujiendesha ya Mhusika katika Blender

Mhusika asiyetikisika hata kidogo huonekana kama sanamu, na ndiyo maana Blender, programu ya kutengeneza katuni za 3D, ina virekebishi (Modifiers) vinavyomfanya apumue na kuyumba bila mchoraji kuweka alama (keyframe, yaani kumbukumbu ya mkao) katika kila fremu, yaani kila picha moja ya filamu. Tumchukue mvuvi wa dagaa aliyesimama kwenye mtumbwi usiku, nje kidogo ya mwalo wa Kibirizi mjini Kigoma, akisubiri samaki wakusanyike kwenye mwanga wa taa. Hana kazi kubwa anayoifanya kwa wakati huo, lakini mwili wake hautulii.

Ingia kwenye Pose Mode, sehemu ya kupanga mkao wa mhusika, chagua mfupa wa shingo (mifupa ndiyo inayosogeza mwili wake), kisha badilisha aina ya mzunguko wake kutoka Quaternion (kwatenioni, mzunguko ulioandikwa kwa namba nne) iwe XYZ Euler (pembe tatu, moja kwa kila mhimili), kwa sababu mistari minne ya kwatenioni haisomeki kwa nyuzi na ukitikisa mmoja wake shingo hupinda kusikotarajiwa. Bonyeza I katika fremu ya kwanza ili kuweka alama ya mzunguko. Pasipo alama hakuna mstari wa mwendo, yaani grafu ya jinsi thamani inavyobadilika fremu kwa fremu, na pasipo mstari kirekebishi hakina pa kushika.

Fungua Graph Editor, dirisha la mistari hiyo, chagua mstari mmoja wa mzunguko, bonyeza N, nenda kwenye Modifiers na uongeze Noise, kirekebishi cha mtikisiko wa kubahatisha. Shingo itaanza kurukaruka vibaya, nawe usishtuke: Strength, yaani nguvu ya mtikisiko, huanza na 1, na kwa mizunguko Blender huhesabu kwa radiani, ambapo radiani 1 ni takriban nyuzi 57. Ishushe hadi 0.05. Scale nayo ipandishe hadi 30 au 40, kwa maana kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo mwendo unavyokuwa wa polepole.

Phase, namba inayochagua umbo la mtikisiko, ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Mistari yenye Scale na Phase zilezile hutikisika kwa mpigo mmoja, hivyo ukinakili kirekebishi cha shingo na kukibandika kwenye mabega bila kubadili kitu, mvuvi atacheza kama ubao uliopigiwa misumari. Mpe kila mfupa Phase yake. Mtumbwi una habari tofauti, kwani hapo kufanana kunafaa: uwekee Noise kwenye mstari wa kuinama upande, inakili, ibandike kwenye kiuno katika mhimili unaolingana nao, acha Phase ileile, kisha andika Strength ndogo yenye alama ya kutoa na usogeze Offset, yaani muda wa kuchelewa, fremu tatu au nne. Mtumbwi ukilalia kushoto, kiuno kitajirudisha kulia baada ya kuchelewa kidogo, kama afanyavyo mtu aliyezoea maji.

Kupumua kusiachiwe Noise, kwa kuwa pumzi ina mpangilio. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, yaani pumzi moja huchukua fremu 72 hadi 120 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Kwenye mfupa wa kifua weka alama katika fremu ya 1, ya 40 na ya 97, ya mwisho ifanane kabisa na ya kwanza, kisha ongeza Cycles, kirekebishi kinachorudia mwendo huo tena na tena. Ukitaka Noise kidogo juu yake, hakikisha Cycles inabaki ya kwanza katika orodha, kwani haifanyi kazi ikiwa nyuma ya nyingine.

Mvuvi anapoinama kuvuta wavu, mtikisiko wa shingo hugombana na alama ulizoweka kwa mkono. Kwenye Noise ya shingo washa Restrict Frame Range, andika fremu ya mwanzo na ya mwisho ya kule kusubiri, na uweke Blend Out ya fremu 12 ili mtikisiko ufifie badala ya kukatika ghafla.

Ukihitaji kusahihisha fremu mojamoja, tumia Bake Action, amri inayogeuza mwendo wote kuwa alama, lakini hifadhi kwanza nakala ya faili, kwa sababu baada ya hapo kila fremu itakuwa na alama yake na hutaweza tena kupunguza mtikisiko wote kwa kubadili namba moja.