Diski Moja ya Nje kwa Windows, Mac na Linux

Katika studio yetu ndogo ya picha hapa Mwanga, Kigoma, mhariri wa video anatumia Mac, mimi naandaa albamu kwenye Windows, na kijana anayetusaidia ana kompyuta mpakato ya Linux, ilhali diski ya nje tunayopokezana ni moja tu. Baada ya harusi moja ya Ujiji, mhariri aliichomeka, akaziona faili zote na kuzifungua bila shida, lakini kila alipotaka kunakili humo video aliyoimaliza, Mac ilikataa. Diski haikuwa mbovu. Ilikuwa imefomatiwa kwa NTFS, mfumo wa faili (namna ya kupanga faili kwenye diski) wa Windows, ambao Mac huusoma tu na haiuandiki mpaka iongezewe programu nyingine.

Mfumo mwingine, FAT32, hukubalika kila mahali, lakini haipokei faili moja inayofikia GB 4, na video ya sherehe nzima huvuka kiwango hicho mapema. Tulichochagua ni exFAT, ambao Microsoft iliutoa mwaka 2006; Mac huusoma na kuuandika tangu toleo la 10.6.5, na Linux iliuingiza kwenye kerneli yake, yaani kiini cha mfumo huo, kuanzia toleo la 5.4 la mwaka 2019.

Kwanza hamishia kila kitu kwenye diski nyingine, kwa sababu kufomati hufuta vyote. Kwenye Windows, bofya kulia alama ya diski, chagua Format, kisha exFAT, na uhakikishe jina na ukubwa wa diski kabla ya kubofya Start. Kwenye Mac, fungua Disk Utility, agiza ionyeshe vifaa vyote, uchague diski yenyewe iliyo juu, wala si sehemu iliyo chini yake, halafu Erase, ExFAT na mpangilio wa GUID Partition Map.

Udhaifu wa exFAT ni kwamba haiweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea kama zinavyofanya NTFS na ext4 ya Linux, hivyo umeme ukikatika katikati ya kunakili, au mtu akichomoa waya kwa haraka, orodha ya faili inaweza kuvurugika. Kwa wenye kompyuta za mezani zisizo na UPS (betri ya akiba umeme unapokatika) hili si jambo dogo. Tumia Eject kila mara, usubiri ujumbe wa kuruhusu, ndipo uchomoe. Na kazi ya mteja isikae kwenye diski hiyo peke yake.

Utakapoirudisha kwenye Windows huenda ukakuta vijifaili vyenye majina yanayoanza kwa nukta na mstari wa chini. Mimi nilidhani ni virusi. Kumbe ni Mac inayohifadhi humo maelezo yake ya ziada. Anayetumia Linux naye ajue kwamba exFAT haikubali nukta mbili (:) wala alama ya kuuliza (?) katika jina la faili: video aliyoiita “harusi 10:30” haitanakilika mpaka aiandike “harusi 10.30”.